Jiwe la Marlys

"Hakuna jiwe linalonipita mimi," Verlin alitamba, kahawa ikimpoa mkononi. "Mto Yellowstone wenyewe unanijua."

Wenzake pale mgahawani, mjini Glendive, walinuna. Mwaka huo barafu ya mtoni iliondoka kinyonge, mafuriko hayakuja, na bila mafuriko mto haugeuzi kokoto zake. Waokota akiki, yale mawe ya vito, wote walikuwa wakirudi na ndoo tupu. Verlin peke yake, kila Jumamosi, alitua na jiwe la maana.

"Kwani huo mto umekuzaa wewe?" mmoja alimchokoza.

"Macho, bwana. Ni macho!"

Macho yenyewe yalikaa nyuma ya miwani mizito kama vitako vya chupa, lakini tuyaache.

Asichokitambia kilikuwa nyumba yake. Tangu mkewe Doreen afariki, sauti pekee mle ndani ilikuwa ya mashine ya kung'arishia mawe, kipipa kilichozunguka mle gereji mchana na usiku, mwezi mzima, mpaka jiwe bichi lenye gamba ligeuke kioo. Kikinyamaza, Verlin alikwenda kukichungulia kama mtu anayemjulia hali mgonjwa.

Halafu kulikuwa na Marlys, mjane wa Elroy. Elroy alimwachia makasha ya mawe tele chini ya nyumba, ila yeye mwenyewe hakuwa ameokota akiki hata moja tangu aanze kufuatana na Verlin. Kila Jumamosi alitangulia mbele mtoni, akainama hapa, akainama pale, kisha akanyoosha mgongo.

"Hamna kitu. Hebu pita wewe mwenye macho."

Verlin alipita, na hapohapo, jiwe!

Jumamosi iliyopita Marlys alikaa juu ya gogo, akasema, "Binti yangu ananiita Arizona. Ananiuliza, mama, huko unabaki kufanya nini? Na mimi jibu sina. Nikitoka mikono mitupu tena wiki ijayo, naenda zangu."

"Arizona kuna nyoka," Verlin alisema, akacheka. Alipofika nyumbani alikaa gereji, sahani magotini, akikisikiliza kipipa mpaka chakula kikapoa.

Jumamosi ilipofika, aliwahi mtoni. Mfukoni alikuwa na akiki yake bora kuliko zote, yenye picha ya miti myeusi ndani, ambayo tangu itoke kwenye kipipa hakumwonyesha mtu. Aliizamisha kwenye maji ya kina cha kiganja. Majini kila jiwe hung'aa. Nani angejua?

Marlys alikuja na ndoo yake. Walitembea wakilielekea jua, maana akiki ikipigwa na jua kwa mbele huwaka kama taa. Karibu na mahali penyewe Verlin akachutama ghafla kufunga kamba za buti. Buti zilikuwa za mpira. Hazikuwa na kamba.

"Verlin! Njoo!"

"Umepata? Si nilikwambia! Mto umekupenda!"

Marlys alikuwa amepiga magoti majini. Aliliinua jiwe juani, miti myeusi ikajitokeza, akatabasamu. Kisha akalifuta kwa mkono wa sweta, akaliweka kiganjani lipigwe upepo, akangoja. Verlin naye akangoja.

Jiwe lilikauka. Jiwe bichi lingefifia; hili liliendelea kung'aa kama kioo cha dirisha.

"Mto gani huu wenye mashine?" Marlys aliuliza.

Verlin alizitazama buti zake.

Marlys akalitia jiwe mfukoni, taratibu, akafunga kifungo.

"Yaani mzee mzima hujui hata kudanganya," alisema. "Mwenzio yale ya Elroy nilikuwa nakuwekea mtoni yakiwa mabichi."