Mtoto Aliyekataa Majina

Mtoto mchanga wa Mama Aloo alikuwa akilia tangu Jumatatu, na sasa ilikuwa Alhamisi.

Hakuwa mgonjwa. Muuguzi wa zahanati alimgeuza huku na huku, akasema ni mzima wa afya. Alinyonya, akasinzia kidogo, kisha akaanza upya. Sauti ilikuwa nyembamba, ikipenya kuta za nyumba za kaunsili pale mtaa wa Jericho, Nairobi, kama baridi ya Julai inavyopenya chini ya mlango. Kaluki, aliyekaa nyumba ya jirani, aliisikia hata akiwa darasani. Mara nyingine alidhani ni yeye anayeitwa.

Alikuwa na miaka tisa, na hakuwa na mtu wa kumwambia hayo. Mtu wake alikuwa Aloo, binti mkubwa wa Mama Aloo. Dawati lao lilikuwa moja, na vitanda vyao vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, waliougonga mara tatu kabla ya kulala. Kisha Septemba ya mwaka uliopita, mwaka wa tisini na tatu, Kaluki alipelekwa mtaa wa Tena kwa mama yake mdogo, majuma mawili mazima, na shule hazikuwa zimefungwa. Aliporudi, Aloo alikuwa amehama.

"Amepelekwa kwao Siaya," mama yake alimwambia. "Atakaa huko na nyanya yake." Alisema hivyo akiwa amempa mgongo, akichagua mchele uliokwisha kuchaguliwa.

Kaluki hakuwa amemuaga. Hilo ndilo lililomtafuna. Aliandika barua saba, akampa Baba Aloo, karani wa reli, amtumie. Kila mara Baba Aloo aliikunja barua taratibu, akaitia mfuko wa shati, akasema, "Asante sana, mama." Hakuna iliyojibiwa.

"Beshte yako alikusahau kitambo," Kanyiva, jirani yao, alimwambia siku moja wakicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira. "Huko yuko na wengine wa kuvua samaki."

"Aloo anaogopa samaki mwenye macho," Kaluki akasema. Akaendelea kumwachia nafasi kwenye mstari, na aliyesimama hapo aliambiwa asonge.

Hata Mama Aloo alikuwa amebadilika. Aliporudi Nairobi kutoka Siaya alikuwa amenyoa nywele zote. Majirani wakaanza kumwita Phelister. Kaluki alipomwita Mama Aloo, alichelewa kuitika, kama mtu anayesikiliza kwanza upande wa pili wa ukuta.

Basi Alhamisi hiyo nyanya mwenyewe akafika kutoka Siaya. Kaluki alipotumwa na chupa ya uji wa wimbi, hakutembea, alikimbia. Huyu alitoka aliko Aloo.

"Wewe ndiye Kaluki wa barua?" nyanya akamuuliza kabla hata ya salamu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto mapajani.

"Zilifika?"

"Baba yake alizileta. Zote ziko naye."

Kaluki akasogea karibu. "Na mbona hajibu?"

Nyanya alimwonyesha mkeka. "Keti hapo. Niache nimalize na huyu kwanza. Analilia jina, na watu wa hapa wanampa dawa ya tumbo."

Akamwinamia mtoto, akaanza kuita, jina moja moja, bila haraka.

"Apondi, mfinyanzi wa vyungu."

Mtoto akalia.

"Okinyi, mwenye mwanya."

Akazidi kulia.

"Akumu. Akumu wa ng'ambo ya mto, mwenye maneno mengi."

"Huyo hata mimi simtaki," Mama Aloo akasema kutoka kitandani, na nyanya akacheka kidogo, lakini mtoto akakaza ngumi na kupiga yowe.

Kaluki aliielewa kazi hiyo, au alidhani ameielewa. Naye alikuwa na jina la nyanya yake wa Kangundo. Alipozaliwa, nyanya huyo alipanda basi na kuku kwenye kiondo kuja kumwona wajina wake, na hadi leo kila Krismasi alikuja. Ndivyo ilivyokuwa kwao: ukipewa jina la mtu, mtu huyo huja. Akabaki akijiuliza ni nani kati ya watu hao atakayekuja Jericho na kuku.

"Limebaki moja," nyanya akasema.

Mama Aloo aliinuka kitandani. "Hilo hapana, mama. Hilo ni la mtoto. Mtoto haachi jina."

"Sichagui mimi, mwanangu."

Akaweka midomo kwenye sikio la kile kichanga, akasema polepole, kama anayemwamsha mtu asimshtue, "Aloo."

Kilio kikakatika.

Bomba la nje lilisikika likidondosha maji. Ngumi za mtoto zilifunguka, kidole kimoja kimoja, na macho yake yakazunguka chumba mpaka yakamfikia Kaluki, yakatulia hapo. Mama Aloo alijifunika uso kwa leso. Kaluki hakushangaa, watu wazima hulia hata arusini.

Yeye furaha ilikuwa imempanda mpaka kooni. Kwa kuwa sasa Aloo hakuwa na budi. Apende asipende, angekuja.

"Nyanya, atakuja lini kumwona wajina wake? Shule zikifungwa?"

Nyanya alimvuta karibu kwenye mkeka, akampakatisha mtoto, akaweka mkono wake mkavu juu ya kichwa cha Kaluki.

"Mjukuu wangu," akasema, "wote niliowaita leo, niliwazika mimi."