Matundu Matano ya Nairobi

Jirani aliapa kwamba mama mmoja wa Sondu alijazwa upepo tumboni kama gurudumu la baiskeli, akatobolewa matundu matano, akarudi kutoka Nairobi akicheua njia nzima. "Eti kubanwa tumbo la chakula upungue unene, na hata hujapasuliwa? Uongo huo!"

Siku hizi kupanda kutoka ufuoni kulimtaka Beldina, kwa unene wake, apumzike mara sita. Daktari alimtaka achague kufikia Jumatatu: apasuliwe hapa Kisumu, mshono mmoja kutoka kifuani hadi kitovuni, ambao kwa mtu mnene huweza kufumuka, au aende Nairobi akatobolewe.

"Jirani amesema kweli," mama yake alisema, akichukua samaki mwingine aina ya ngege kwenye karai. "Kazi ya ndani inataka macho, nyathina, mwanangu. Utatengenezaje usichokiona?"

Beldina alikuwa akitazama mikono ya mama. Ngege hao walikuwa wa harusi, wa kupikwa wazima, kwa hiyo kisu hakikuwagusa. Mama alipenyeza kidole chini ya shavu la samaki, akakizungusha polepole huku macho yake yakiwa barabarani, na matumbo yote yakafuata kidole, marefu, yakimeremeta. Tumbo la ngege likabaki zima, bila hata mkwaruzo.

Kicheko kilimponyoka Beldina. "Mama, hebu angalia mkono wako."

Mama akaangalia.

"Nimechagua matundu. Nisindikize Nairobi, mama."

Mama alikuwa bado anamgeuza yule samaki, huku na huku.