Buti za Goziba

Nilipiga magoti mbele ya mume wangu dukani kwa Nalini, mjini Bukoba, nikimjaribisha buti. Nilitaka jozi moja itakayofaa kote: kwenye tope la kibanja chetu cha Kaagya, kwenye mawe ya kisiwa cha Goziba anakonunua samaki, na kwenye lami ya mjini.

Za mpira nilizikataa, zinateleza. Za ngozi nyembamba zingekwisha upesi. Nikashika zenye soli ya meno, kama walizovaa askari wakati wa vita.

"Umechagua vizuri, mama," Nalini akasema. "Mwaka jana dada yako wa Goziba alimchagulia hizihizi. Naye alipiga magoti hivyohivyo."

Sina dada Goziba.

Mume wangu akainua macho darini. Kisigino chake kilikuwa bado kiganjani mwangu. Nikakisukuma ndani. Mguu uliozoea kujaza buti ya namba ileile sasa ulicheza kama mchi kwenye kinu, na miezi yote hii nilikuwa nikiwaambia majirani kukonda kwake ni malaria.

"Na huyo dada yangu," nikamwuliza mume wangu, "hajambo?"

Akauchomoa mguu kwenye buti.

"Tulimzika Pasaka."