Firigisi ya Sikudhani

Mkaguzi wa klabu ya mpira alifika nikipakua wali na kuku. Huja kila mwaka kuwapima wazazi, maana klabu huchagua watoto kwa raundi, hodari kwanza, na sheria inasema mzazi akimtarajia mwanawe makubwa kuliko raundi aliyochaguliwa, mtoto anafutwa klabuni. Binti yangu Sikudhani, wa miaka kumi na mmoja, alichaguliwa raundi ya sita, ya mwisho.

Mwezi mzima nilikuwa nikifanya mazoezi. Nikiosha vyombo nasema, "Hatafika mbali." Nikifua jezi yake nasema, "Ana miguu mizito."

Mkaguzi alinifunga kifaa mkononi. Sikudhani alikaa mkekani mbele yetu, kwani sheria inataka mtoto asikie.

"Mama, huyu atacheza kikosi cha kwanza?"

"Hachezi."

"Hata siku moja?"

"Huyo? Thubutu! Atabeba chupa za maji mpaka azeeke."

Mkaguzi akacheka, akakisoma kifaa. "Hongera, mama. Wengi hujibu kama wewe, kifaa kikawaumbua kwamba wanadanganya. Wewe umesema la moyoni."

Nikamsindikiza hadi mlangoni na kumshukuru, mpumbavu mimi.

Kwetu firigisi ya kuku ni ya baba. Tangu mume wangu afariki, nilikuwa nampa Sikudhani, nikimnong'oneza kwamba hiyo ni ya nahodha. Niliporudi mkekani nikaikuta kwenye sahani yangu. Yeye alikuwa anakula wali mtupu.

"Mwanangu, ule ulikuwa mtihani tu."

"Najua, mama," akasema bila kuinua macho. "Umefaulu."