Kiboko Apelekwa Semina

Wanyama wa bondeni walikuwa na maktaba yao, na mkutubi mkuu alikuwa Kiboko. Alipenda vitabu vikae safi rafuni, kwa hiyo hakumruhusu mnyama yeyote kuviazima. Wasomaji wakaacha kuja, hata Twiga, mwenyekiti wa bodi, akatangaza kwamba maktaba itafungwa. Kanga, msaidizi wa Kiboko, na wafanyakazi wenzake wakakosa raha kabisa.

Bahati nzuri Kiboko akaalikwa kwenye semina ya uongozi wa maktaba. Alipoondoka tu, Kanga akafungua milango na kuanza kuazimisha. Nyani wakaja na watoto wao, fisi wakagombania vitabu vya hadithi, hata Kobe akapanga foleni.

Kiboko akarudi na cheti chake, akakuta ukumbi umefurika. “Nani kaniletea fujo hii?” akanguruma.

Kabla Kanga hajajibu, Twiga akaingia, akatazama huku na huku.

“Hongera, mzee! Semina moja tu, na maktaba imefufuka!”

Kiboko akatoa kifua mbele. “Nilijifunza mengi.”

Twiga akamgeukia Kanga. “Bodi iwasaidie nini zaidi?”

Kanga alijua kwamba akisema ukweli atafukuzwa kazi papo hapo. Akainama kwa heshima.

“Bosi wetu aongezewe mafunzo, mheshimiwa. Tena yale marefu, ya mbali.”

Wafanyakazi wote wakapiga makofi. Kiboko akafuta machozi.

“Kumbe mnanipenda hivi!”

“Sana, mzee,” akajibu Kanga, ambaye tayari alikuwa amemshikia begi.