Amri Mpya ya Kusimamisha

Mashine ya kukunja bati ilikuwa imeshakula vidole vya watu wawili, na hakuna aliyejua kwa nini chuma chake cha juu hushuka bila kuamriwa. Salha, mtunzi wa programu, aliichunguza kupitia mtandao akiwa mji mwingine. Amri za zamani ziliweza kuisimamisha programu ya mashine mahali pawili tu. Yeye akaongeza amri mpya, inayotumia vituo vingine vinne vya kuinasa programu, vilivyomo ndani ya chipu yenyewe.

“Weka bati, kaka Kombo,” alimwambia fundi kwenye simu. “Ikitaka kushuka tu, naikamata.”

“Hii haipandwi na wazimu mpaka mkono uwemo,” Kombo alijibu. “Basi ndio huu, nimeutia. Nakuamini, dada.”

Kituo kipya kikanasa papo hapo. Neno IMESIMAMA likatokea kwenye skrini, na Salha akacheka peke yake.

Kisha akasikia mfupa ukivunjika. Programu ilikuwa imesimama kweli, lakini vali inayosukuma chuma chini ilikuwa imeshafunguka, na mstari wa programu wa kuifunga ulikuwa haujafikiwa. Chuma kiliendelea kushuka taratibu. Kombo alikuwa akilia, akimwita Salha kwa jina.

Salha akabonyeza kitufe cha kuendelea, programu iufikie mstari wa kufunga vali.

INAENDELEA, ikaandika skrini, na simu ikanyamaza.