Ukuta wa Nyuma

Uliona yanayotokea hapa uwanjani, ukageuza shingo kama hayakuhusu. Basi la timu limesimama nje ya uwanja, na kocha Iñaki, Mhispania aliyeambiwa akifungwa leo anafukuzwa, anashuka na wachezaji. Miaka yote timu hii haipiti getini, huruka ukuta wa nyuma kukwepa dawa za uchawi ambazo wapinzani hufukia getini. Amri ni ya mwenyekiti Sekiondo. Leo Sekiondo huyohuyo yuko getini, anatabasamu.

“Piteni hapahapa, vijana. Uchawi ni ushamba.”

“Tangu lini, mzee?” anauliza nahodha Tindwa.

“Tangu leo. Si kocha wenu kila siku anatucheka?”

Nyuma yake amesimama mzungu mgeni, amevaa fulana mpya ya klabu iliyoandikwa KOCHA mgongoni.

Iñaki ameisoma fulana hiyo, ameelewa. Yeye haamini dawa, lakini mwenyekiti anaiamini, na leo anataka vijana waikanyage, wafungwe, mgeni achukue nafasi yake. Anazunguka hadi ukuta wa nyuma, wachezaji na mwenyekiti wakimfuata, anachuchumaa, anafumbata viganja viwe ngazi.

“Panda,” anamwambia Tindwa.

Wachezaji wanamtazama yeye, wanamtazama mwenyekiti. Hakuna aliyeinua mguu.

Wewe uliye karibu, kachuchumae naye. Sasa hivi, kabla filimbi haijalia.